Rebmann wa Rabai: Jirani Aliyekaa

Neno la kusoma nyumbani: Luka 10:25–37



Mwezi huu somo letu ni huduma ya huruma mtaani, na mimi nimepewa zamu ya kuleta maisha ya mtumishi mmoja wa zamani ambaye tunaweza kujifunza kwake. Nimemchagua Johannes Rebmann. Wengi wetu tulimsikia darasani: mmisionari Mjerumani, mzungu wa kwanza kuandika kwamba Kilimanjaro ina theluji. Mwalimu aliandika 1848 ubaoni, tukanakili, tukafanya mtihani, yakaisha.

Lakini hebu tupige hesabu kidogo. Huyu mtu alikaa pwani yetu miaka 29. Safari zake zote tatu za kwenda Uchagani ukizijumlisha hazifiki hata mwaka mmoja. Sasa ile miaka 28 iliyobaki alikuwa anafanya nini? Hapo ndipo nataka tukae leo, manake hapo ndipo pana somo la watu wa Bongwe.

Alikotoka

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika kijiji cha Gerlingen, karibu na mji wa Stuttgart, Ujerumani. Kilikuwa kijiji cha wakulima, na yeye hakutoka katika nyumba ya wakubwa. Alisomea umisheni Basel, Uswisi, kisha akaenda London kwa chama cha CMS, kile kile kilichokuwa kimemtuma Ludwig Krapf. Tarehe 10 Juni 1846 akateremka Mombasa, kijana wa miaka 26.

Krapf alimpokea akiwa na majonzi ya miaka miwili. Mwaka 1844, miezi michache tu baada ya kufika Mombasa, alikuwa amemzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga kwa homa. Kaburi lile liko ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali, mpaka leo. Kwa hiyo Rebmann hakudanganywa na mtu. Alijua mapema kwamba nchi hii inaua wageni.

Mwezi wa Agosti 1846 hao wawili walihamia Rabai, kule juu ya kilima nyuma ya Mombasa, baada ya wazee wa Kirabai kuwakubalia. Siku ya kuhama wote wawili walikuwa na homa, wanajikokota kupanda mlima. Hapakuwa na mapokezi ya ngoma wala vipaza sauti. Misheni ya kwanza ya CMS katika nchi hii ilianzishwa na wagonjwa wawili wanaotafuta pa kulala.

Na tusisahau Warabai ni nani. Ni Mijikenda, ndugu wa Wadigo ambao ndio wenyeji wetu hapa Kwale. Wageni wakati ule waliwaita wote Wanyika. Krapf mwenyewe alipita nchi ya Wadigo mwaka 1848 akielekea Usambara kwa mfalme Kimweri. Kwa hiyo habari hii imo katika ukoo wa majirani zetu wenyewe.

Safari na mwavuli

Miaka ya kwanza Rebmann alitembea. Oktoba 1847 alifika Kasigau, Taita. Mwaka 1848 akaenda Uchagani bila bunduki, mkononi ana mwavuli. Aliyemwongoza alikuwa Bwana Kheri, kiongozi wa misafara, Mwislamu wa pwani aliyejua njia na kujua watu. Tarehe 11 Mei 1848 akauona ule mlima mweupe. Alipoandika habari hizo, mabingwa wa jiografia kule Uingereza wakamcheka. Walisema haiwezekani theluji ikae karibu na ikweta, huyu ameona mawe meupe au ameota. Hakuna kati yao aliyekuwa amefika.

Safari ya tatu, mwaka 1849, ilimvunja. Chifu wa Machame alimnyang'anya karibu mali yote, njia ikafungwa, mwili ukachoka, akarudi Rabai mgonjwa.

Baadaye yeye na mwenzake Jakob Erhardt walikusanya maneno ya wasafiri na wafanyabiashara wa pwani wakachora ramani ya bara, ikionyesha ziwa moja kubwa mno katikati. Ramani ilikosea umbo la ziwa, lakini ndiyo iliyowaleta Burton na Speke Afrika Mashariki. Burton alipofika Kisuludini, nyumbani kwa Rebmann, mwanzoni mwa 1857, kulikuwa na mpango kwamba Rebmann aende naye. Hakwenda. Burton na Speke walikwenda, wakafika Ziwa Tanganyika, majina yao yakawa makubwa duniani. Rebmann alibaki na majirani zake wa Rabai.

Wenzake wanaondoka

Wapendwa, kukaa si jambo rahisi, na kulimgharimu. Mwaka 1851 Rebmann alioa mmisionari mwenzake huko Misri. Walipata mtoto wa kiume, akaishi siku chache tu. Hawakupata mwingine. Mwaka 1853 Krapf aliondoka kwa ajili ya afya. Mwaka 1855 Erhardt naye akaondoka. Mwaka 1857 Wamaasai walivamia sehemu zile, watu wakatawanyika, na Rebmann na mkewe wakakimbilia Unguja.

Hapo angeweza kusema, Mungu amefunga mlango. Hakuna ambaye angemlaumu. Alikaa Unguja karibu miaka miwili, kisha akarudi Rabai kwenye ile ile nyumba, kwa wale wale watu.

Mwaka 1866 mkewe akafariki. Rebmann akabaki mjane kule kilimani, macho yakianza kufifia. Katika miaka yote 29 hakurudi kwao Ujerumani hata mara moja.

Simpambi awe malaika. Aliandika maneno makali juu ya mila za Mijikenda, na kuna mengine tukiyasoma leo hayatupendezi. Yeye na Krapf walipishana pia. Krapf aliota mnyororo wa vituo vya misheni kuvuka bara zima la Afrika. Rebmann aliona afadhali mahali pamoja, taratibu, na lugha ijulikane vizuri kwanza. Waliomtembelea walimwona kama mtu aliyezeeka mapema na kusahauliwa na dunia.

Watu aliokaa nao

Sasa tuwaangalie watu wenyewe, manake huruma haina maana mpaka iwe na jina la mtu.

Wa kwanza kubatizwa kule Rabai, mwanzoni mwa miaka ya 1850, alikuwa Mringe. Mringe alikuwa mlemavu, maskini, na alibatizwa akiwa kitandani karibu kufa. Hakuwa mzee wa kaya, hakuwa tajiri wa ng'ombe wala mwenye kuvuta watu nyuma yake. Ukipima kwa vipimo vya dunia, kanisa la kwanza la misheni ile lilikuwa mgonjwa mmoja ambaye hata kuja ibadani hakuweza. Ibada ilimfuata yeye.

Wa pili ninayetaka mumjue ni Salimini. Huyu alikuwa mtumwa. Alitekwa kwao, upande wa Ziwa Nyasa, akauzwa mpaka akaishia Mombasa. Siku zile mtumwa hakuulizwa maoni. Aliambiwa beba, lima, kaa kimya. Rebmann alimketisha akamwomba amfundishe. Kwenu mnasemaje maji? Mnasemaje mama? Mnasemaje kulia? Neno kwa neno, Salimini akawa mwalimu na mzungu akawa mwanafunzi. Kutokana na mazungumzo hayo ilitoka kamusi ya Kiniassa, iliyochapwa mwaka 1877, miongoni mwa kamusi za kwanza kabisa za lugha tunayoiita leo Kichewa. Rebmann mwenyewe hakufika Malawi. Lakini mtu aliyeporwa kila kitu, hata nchi yake, alipata mtu wa kumsikiliza akisema lugha ya mama yake.

Nikisoma habari hiyo huwa nawaza vijana wetu waliozama kwenye madawa pale Ukunda, wale tunaowaita mateja. Wanapewa mahubiri, wanapewa makofi, mara nyingine wanapewa shilingi ishirini ili waondoke. Ni nani ameketi na mmoja wao akamuuliza mama yako anaitwa nani, ulisomea wapi, unajua kazi gani?

Wa tatu ni Nyondo, aliyebatizwa miaka ya 1860. Alipewa jina la Isaac. Mshikeni huyu Nyondo, tutamrudia.

Kisha mwaka 1864 wakaja vijana wa Kiafrika waliookolewa utumwani baharini na kulelewa Nasik, kule India: George David, William Jones na Ishmael Semler. Walimkuta Rebmann, wakafanya kazi naye, wakaona mtu anavyokaa. William Jones ndiye baadaye aliyeshika kazi Rabai wakati watumwa watoro walipokuwa wakikimbilia pale kutafuta usalama. Mwanzo wa 1889 watoro zaidi ya elfu moja waliokuwa wamejihifadhi Rabai na vituo vingine vya misheni walipewa hati za uhuru. Watoro hawakimbilii mahali wasipopajua. Mahali pale palikuwa pamejulikana kwa miaka arobaini.

Hesabu ya roho

Mwaka 1873 Sir Bartle Frere, aliyetumwa na Uingereza kumshinikiza Sultani wa Zanzibar juu ya biashara ya watumwa, alimtembelea Rebmann. Alikuta waumini wa kuhesabika kwa vidole. Miaka zaidi ya ishirini na watano, na hesabu ni hiyo.

Najua tunavyofikiri sisi watu wa Roho. Mtu atauliza, mbona moto haukushuka? Mkutano wa injili wa siku tatu uwanjani unaleta mikono mia juu, sasa miaka 29 na watu wachache hivyo ni huduma gani?

Ni swali la haki na halitaki jibu la haraka. Siko kinyume na mikutano. Wengi tumeokoka uwanjani, na Mungu asifiwe. Lakini turudi kwenye Neno letu la leo. Yule Msamaria alifanya nini? Alisimama, akamimina mafuta na divai, akafunga jeraha, akampandisha mtu kwenye mnyama wake. Mpaka hapo tunahubiri vizuri. Tunapita haraka mwisho wa habari. Alilala pale kwenye nyumba ya wageni. Asubuhi akatoa dinari mbili. Akamwahidi mwenye nyumba kwamba atarudi, na gharama ikizidi atalipa. Huruma ya Msamaria ilikuwa na kesho yake. Alijua jeraha haliponi kwa siku moja, akajifunga kurudi.

Tena Bwana Yesu hakutuambia kama yule majeruhi alikuja kuwa Msamaria. Hilo halimo katika hadithi. Tumeambiwa tu ni nani aliyekuwa jirani.

Sisi hapa Bongwe tunaishi katikati ya majirani ambao wengi wao ni Waislamu. Tunanunua samaki kwao, wanatubeba kwa bodaboda zao, watoto wanasoma darasa moja, kwenye msiba tunakaa mkeka mmoja. Jirani huyu ameona mengi. Ameona magari ya huduma yakija na unga na mafuta, watu wakipangwa foleni, picha zikipigwa, maombi yakiongozwa kwa kipaza sauti, kisha gari likaondoka na lisionekane tena mpaka mwaka mwingine. Unga ukiisha siku ya nne, anabaki na swali: walikuja kwangu au walikuja kwa picha? Na kama chakula kilikuja na sharti la kuinua mkono, anajua amenunuliwa, na mtu aliyenunuliwa hana shukrani, ana aibu.

Rebmann hakuwa na magunia ya kugawa. Alichokuwa nacho ni kwamba mwaka ukiisha yuko, njaa ikija yuko, vita ikija alikimbia na watu wakakimbia, wakirudi wanamkuta karudi. Aliongozwa njia na Mwislamu, akafundishwa na mtumwa, akaishi kwa ruhusa ya wazee wa Kirabai. Alipokea kabla ya kutoa, na nadhani ndiyo sababu waliweza kumvumilia miaka yote hiyo na ukali wake.

Mkono wa Nyondo

Mwanzoni mwa miaka ya 1870 macho ya Rebmann yalikuwa yamekwisha. Kipofu, mjane, peke yake. Mwishoni mwa 1874 chama kilimleta William Salter Price na kundi jipya, na mwaka 1875 wakaanzisha Freretown, ng'ambo ya Mombasa, makao ya watumwa waliowekwa huru. Mzee akaambiwa apumzike.

Sasa nani atampeleka kipofu Ulaya? Alikwenda naye Isaac Nyondo. Yule kijana wa Rabai alimshika mkono mzee, akapanda naye meli, akavuka bahari mpaka Uingereza na Ujerumani, nchi ya baridi ambayo hakuwa na mtu wa kwake. Wapendwa, mimi nikifika hapa natulia kidogo. Aliyekuja kusaidia sasa anasaidiwa. Aliyedhaniwa ni wa kuhudumiwa ndiye mhudumu. Ukiniuliza matunda ya miaka 29, sitakupa hesabu, nitakuonyesha ule mkono.

Macho hayakupona. Rebmann alikaa Korntal, karibu na kijiji alichozaliwa, mahali ambapo Krapf naye alikuwa anaishi. Wazee wawili wa Rabai wakakutana tena. Mwaka 1876 Injili ya Luka aliyoitafsiri kwa Kiswahili ilichapwa karibu na Basel. Ni ile ile Injili yenye habari ya Msamaria. Tarehe 4 Oktoba mwaka huo huo akafariki, umri miaka 56. Mwaka uliofuata Krapf ndiye aliyesimamia kuchapwa kwa kamusi ya Salimini. Maneno ya Kinyika waliyokusanya pamoja yalitoka kitabuni mwaka 1887, wote wawili wakiwa kaburini.

Nyumba za Krapf na Rebmann bado zipo Rabai, na kanisa, na makumbusho. Si mbali. Mtu wa Bongwe anavuka feri Likoni au anapita barabara ya Dongo Kundu, anashika njia ya Mazeras, anafika. Nawasihi vijana waende wakaone udogo wa ile nyumba.

Kazi ya juma hili

Sitaki tuseme amina halafu tufunge karatasi. Kamati ya huduma ya jamii imekubaliana tuanze kidogo. Kila kikundi cha nyumbani kichague nyumba tatu tu katika mtaa wake. Isiwe thelathini. Iwe nyumba ya mgonjwa, ya mzee anayeishi peke yake, ya mama anayelea wajukuu, au kijana anayetaka kuacha madawa. Asiulizwe dini yake kabla ya kusaidiwa. Twende siku ile ile kila juma, watu wale wale, ili atuzoee na tumzoee. Kamera zibaki mfukoni.

Anayejua Kidigo atangulie, asiyejua aanze kujifunza kwa huyo huyo anayemtembelea, na asione haya kuchekwa. Tukikaribishwa chai tunywe. Mgonjwa akilazwa Msambweni, tumfuate Msambweni. Akitaka kuombewa tumwombee kwa sauti ya chini, na asipotaka tumwombee njiani tukirudi nyumbani. Mtu akiuliza kwa nini tunarudi kila juma, hapo mdomo ufunguke, tumwambie habari za Yesu bila kificho. Swali hilo likija lenyewe lina nguvu kuliko kipaza sauti.

Kila kikundi kitoe majina ya wahudumu wawili kwa katibu kabla ya ibada ya Jumapili. Tutakutana baada ya miezi sita. Wakati huo hatutaulizana wangapi wameinua mkono. Tutaulizana zile nyumba tatu mmezipoteza au bado mnakwenda.

Ee Bwana, tupe miguu ya kurudi. Tupe masikio ya kumsikia ambaye hakuna anayemsikiliza. Tulinde tusichoke kutenda mema, hata pale tusipoona matunda. Katika jina la Yesu, amina.